Barua ya wazi kwa wenye kalamu nyekundu: iacheni hadithi ya kutisha itishe

Kwa wahariri wa magazeti yenye ukurasa wa hadithi,
kwa wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili,
na kwenu mnaokaa mezani kuamua mambo ya tuzo na hakimiliki.

YAH: FUNZO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi za kutisha. Naishi Mbagala, Dar es Salaam, nina kibanda cha steshenari karibu na kituo cha daladala, na kwa miaka ishirini hivi nimekuwa nikiandika habari za majini, misukule, visima visivyo na kina, na watu wanaogongewa mlango usiku na marehemu waliyemzika mchana. Ni kazi isiyompatia mtu sifa mtaani. Mama yangu, Mungu amrehemu, wageni wakimwuliza mwanawe anafanya nini, alikuwa akijibu kwamba "anaandikaandika mambo ya ofisi."

Nina malalamiko mengi, na mengine nitayapitia humu, lakini yote yamebebana na hilo neno moja nililoliweka juu.

Hadithi yangu ya kwanza kuchapwa ilitoka mwaka 2004 kwenye gazeti moja la wiki. Ilikuwa ya msichana anayekwenda kisimani jioni. Anainama kuteka maji, anasikia sauti yake mwenyewe ikimwita kutoka chini. Anakimbia, ndoo anaiacha hukohuko. Usiku, nyumba nzima imelala, mama yake anasikia kitu kizito kikituliwa kizingitini, kisha maji yanaanza kupenya taratibu chini ya mlango. Hapo nikaweka nukta. Nilikuwa nimeiandika upya mara nne kwa mkono, na mara zote nne nukta ilikuwa palepale.

Siku ya gazeti kutoka nilimkuta muuza magazeti hajafungua hata kamba za mzigo. Nilisoma nimesimama. Nikaruka moja kwa moja hadi chini kulitafuta jina langu, na juu ya jina langu nikakuta aya nisiyoijua: "Ndugu msomaji, hadithi hii inatufunza kuwatii wazazi wetu na kuepuka kuteka maji nyakati za usiku." Kisima changu chote, na giza lake, kimegeuzwa tangazo la idara ya maji.

Nyumbani niliwasomea. Mama alitulia mpaka mwisho, akatikisa kichwa akasema, "Hapo mwisho ndipo umesema neno, mwanangu." Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo sikusema mimi.

Nakijua chanzo cha jambo hili, kwa sababu mimi na ninyi tumekaa madawati yaleyale. Tuliulizwa: "Toa mafunzo manne yapatikanayo katika hadithi hii." Hatukuulizwa hata siku moja: ni wapi nywele zilikusimama, na mwandishi alifanya nini zikasimama? Tukakua tukiamini kwamba hadithi ni gunzi, na funzo ndizo punje. Kwa hadithi ya ndoa au ya ukabaila huenda jambo hilo halina madhara makubwa. Kwa hadithi ya kutisha ni kifo. Hofu haipendi taa. Ukimweleza msomaji kwa nini ndoo imerudi, umeshawasha taa, na kile kilichokuwa mlangoni kimekuwa ndoo.

Msiniambie kwamba Waswahili hatukuzoea. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alichapisha London hadithi alizozipata Unguja. Humo imo ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza kula mifugo, watu wanakuja kushtaki, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, aachwe ale. Paka anakua. Anakula wanyama wakubwa zaidi, anakula watu, na sultani jibu lake ni lilelile, mpaka siku walipouawa wana wa sultani mwenyewe. Ndipo sultani akatambua kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu. Halafu mtoto wa mwisho anatoka kumsaka: anaua mnyama mmoja, anamburuta hadi nyumbani, anamwuliza mama yake kama ndiye, mama anajibu siye. Anarudi porini, anaua mkubwa zaidi, siye. Na kila "siye" inapotamkwa, msikilizaji anazidi kujikunyata, maana huyo ambaye ndiye bado yuko huko nje. Sidhani kama kuna mtu pale Unguja alihitaji aya ya "ndugu msomaji" ili aelewe hadithi ile ilikuwa inamsema nani.

Na hata hadithi zetu za upelelezi zilichipuka gizani. Muhammed Said Abdulla aliposhinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki la enzi za mkoloni, kazi yake, iliyotoka kitabu mwaka 1960, ilibeba jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Waamuzi wa wakati ule hawakulikimbia jina.

Sasa nieleze aibu yangu. Isipoingia humu, barua hii itakuwa ya uongo.

Mwaka 2006 niliandika hadithi ya tajiri mmoja aliyetumwa na mganga akalete kiungo cha binadamu. Nilihitaji mhanga wa ajabu ajabu, nikamchagua kijana mwenye ualbino. Sikumpa jina. Nilimpa ngozi, nikaeleza jinsi ilivyong'aa mbalamwezini, nikaandika aya nzima ya panga. Mwisho tajiri alirukwa na akili, akawa anaokota makopo Kariakoo, nami nikafunga na "malipo ni hapahapa duniani." Mhariri alinipigia kabla wiki haijaisha. Akanisifu: hii ndiyo hadithi yenye mafunzo, dada, endelea hivihivi. Akanipa shilingi 15,000, pesa yangu ya kwanza ya uandishi. Nilimnunulia mama doti ya khanga.

Kisha ikaja 2007, ikaja 2008, na redio zikaanza kutangaza mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa. Mauaji ya kweli, ya viungo vya kweli, kwa imani ileile niliyoipamba mimi kwa mbalamwezi.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama muuza maandazi. Mwanawe wa kiume alikuwa na ualbino. Alimvalisha kofia pana na shati la mikono mirefu hata joto la Desemba. Maandazi aliyafunga kwa magazeti ya zamani, yale yanayouzwa kwa kilo. Asubuhi moja alikuja kibandani kwangu na karatasi moja ya gazeti, imenyooshwa kwa kiganja, ina doa la mafuta pembeni. Akaiweka juu ya kaunta. "Dada, hili nadhani ni la kwako." Akanunua penseli moja ya mtoto, akahesabu chenji yake, akaondoka. Hakuniuliza lolote. Tuliendelea kusalimiana miaka yote mpaka alipohama.

Ile karatasi ninayo. Funzo limo, kwa herufi nzito.

Hadithi pekee ninayojuta kuiandika ndiyo ilipita haraka kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na kibandiko mnachokitafuta. Kalamu nyekundu ilikwenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho, ikaikuta iko salama, ikarudi mfukoni. Aya ya panga haikuguswa. Laiti mhariri yule angenirudishia, akaniambia: "Dada, huyu kijana ni mtu au ni pambo? Nenda kamwandike upya," ningemheshimu hadi leo. Mimi ndiye mwenye kosa. Lakini mlangoni kulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa anakagua viatu.

Tangu hapo nilijiwekea sharti: ninayemwua kwenye hadithi lazima kwanza nimjue anapenda kula nini. Kwa sharti hilo niliandika, mwaka 2012, hadithi ninayoiona bora kuliko zangu zote. Niliipeleka kijijini, upande wa Misungwi. Msimulizi ni kijana aliyelipwa akamwue bibi mmoja kizee ambaye macho yake ni mekundu. Mnajua wenyewe macho yale wanayapata wapi bibi zetu wa Usukumani: miaka hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Na mnajua wangapi wamekatwa mapanga kwa macho hayo. Kijana wangu anajibanza usiku kucha nyuma ya jiko la bibi akisubiri alale. Bibi halali; anapika ugali mdogo wa mtu mmoja, anausemesha moto kama anavyosemesha mjukuu. Moshi unapenya ukutani, unamwuma kijana machoni, anafikicha, anasubiri. Alfajiri anakata tamaa, anashuka mtoni kunawa. Anainama, anaona uso wake majini: macho mekundu, pyee. Na nyuma yake, kwenye majani, anasikia mtu ananoa panga.

Nukta.

Jibu lilinifikia baada ya miezi minane, kwa simu, na nilipiga mimi. "Hadithi yako inahamasisha ushirikina. Halafu mwisho umeuacha unaning'inia. Funzo liko wapi?" Nikasema, mzee wangu, kijana amekuwa yule aliyekuja kumwua. Akasema, sasa si uandike hivyo? Nikacheka, akadhani namdharau, na mlango ule ukafungwa.

Hofu yenu naielewa kuliko mnavyodhani. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu 1928. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu damu ilikuwa inamwagika kweli. Hakuna mhariri anayetaka kuamka asubuhi aambiwe gazeti lake limechochea. Lakini angalieni hadithi mbili hizo zikiwa mezani pamoja. Iliyopita ilimwambia msomaji kwamba kiungo cha mtu kinaleta utajiri, ila baadaye utapata kichaa. Na wapo ambao kwa utajiri huo hawaoni kichaa ni bei kubwa. Iliyokataliwa ilimkalisha msomaji usiku mzima nyuma ya jiko la bibi, ikampulizia moshi uleule machoni. Ipi inachochea? Kipimo chenu kilitoa majibu ya kinyume, na kinatoa majibu hayohayo hadi leo.

Nigusie na "itaendelea", japo kidogo. Hadithi fupi ya kutisha husomwa kwa pumzi moja. Ninyi mnataka wiki arobaini, kwa sababu itaendelea ndiyo inayouza toleo la wiki ijayo. Nawaelewa, biashara ni biashara. Safari moja nilikubali, nikanyoosha hadithi ya kurasa sita ya msukule anayerudi nyumbani kwake kimyakimya na kulima shamba la mkewe usiku. Kufika sehemu ya kumi na mbili msukule alikuwa ana mchumba. Sehemu ya kumi na tisa walikuwa wanagombania nyumba Mbezi. Wasomaji walimpenda sana, na hakuna hata mmoja aliyemwogopa.

Wachapishaji wa vitabu nao wananipa chai, hilo siwanyimi. Halafu wananiambia ukweli: kitabu kinachouzika ni kinachoingia shuleni, na kinachoingia shuleni kinataka ithibati, na mkusanyiko wa hadithi za kutisha haufiki huko. Mmoja alinitaka nichangie milioni mbili na nusu tuchape nakala 500. Steshenari yangu haina hata kiyoyozi. Nikachapa mwenyewe, karatasi zimekunjwa katikati, pini mbili za stepla, kava la manila ya kijani kwa sababu nyeusi ilikuwa imeisha. Nakala arobaini, shilingi 1,500 kila moja. Niliuza thelathini na moja. Nne zilikopwa, na waliokopa mnajijua. Wapo waliokuwa na blogu za simulizi, lakini mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na ada ya maombi 100,000 na leseni milioni moja, wengi niliowajua walizifunga wakahamia WhatsApp. Nami nikahamia huko. Unaweka nusu ya hadithi bure, anayetaka kumalizia anatuma shilingi elfu moja kwa simu. Ile ya macho mekundu niliiuza hivyo. Wiki ya kwanza walilipa watu hamsini na wawili, na mimi nilishakata tamaa kwamba haina wasomaji.

Miezi kama minne baadaye, mwaka 2021, nilikuwa kwenye daladala kutoka Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Jua limezama, foleni haisogei, watu wamebanana mpaka mlangoni. Abiria wa kiti cha mbele yangu, mama mwenye kikapu cha mchicha, alikuwa anasikiliza kitu kwenye simu bila spika za masikioni. Sauti ya kiume, nzito, na nyuma yake muziki wa kuogofya. Nikasikia: "Bibi aliusemesha moto kama anavyosemesha mjukuu."

Mikono iliniisha nguvu. Ilikuwa ni hadithi yangu, neno kwa neno. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya mafuvu na maandishi makubwa mekundu. Jina langu halimo popote, na watazamaji wameshapita elfu tisini. Kwa shilingi elfu moja moja, ni hesabu niliyoifanya usiku ule na sitaki kuirudia.

Nilitaka kumgusa bega nimwambie, mama, hiyo ni yangu. Lakini nikaangalia pembeni. Kijana aliyesimama alikuwa ametoa spika zake za masikioni, amesogeza kichwa. Mzee mmoja amefumba macho, midomo inasogea. Hata konda alikuwa ameacha kugonga bodi. Tulifika Mtongani, konda akaita Mtongani, hakushuka mtu. Msomaji akafika mtoni: uso majini, macho mekundu, panga inanolewa. Akanyamaza. Ndani ya gari hakusikika kitu isipokuwa injini. Kisha yule mama akasema polepole, hakumwambia mtu yeyote, "Mungu wangu, na bibi yangu naye." Hakumalizia. Akashtuka, akaangalia dirishani, akapiga kelele: "Konda, shusha! Umenipitisha!"

Ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote katika uandishi wangu, na ndiyo siku niliyoibiwa. Yule mwizi, wakubwa zangu, alichukua jina langu, alichukua pesa yangu, akaniwekea mafuvu nisiyoyapenda. Lakini hakuongeza neno mwishoni. Alisoma hadi kwenye nukta, akanyamaza. Kwa miaka ishirini, mtu pekee aliyeiamini nukta yangu ni mwizi.

Wa hakimiliki, zamu yenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ninayo, nimeidurufu kwa mashine yangu mwenyewe. Naijua inasema kazi ni yangu maisha yangu yote na miaka hamsini baada ya kufa kwangu. Kumfuata mtu asiye na jina wala anwani, anayesoma hadithi za watu kumi tofauti kila wiki, kunanigharimu nauli na siku za kufunga kibanda kuliko hadithi yenyewe inavyoweza kulipa. Wanamuziki mmewasikia, na ni haki yao. Tunasikia pia kuna tozo ya hakimiliki inayokatwa kwenye vifaa vya kunakilia na kurekodia kazi. Mtuambie kwa Kiswahili chepesi: mwandishi wa kurasa saba, ambaye kazi yake inasikilizwa kwenye vifaa hivyohivyo kila jioni, anaingilia mlango upi kudai fungu lake?

Mpwa wangu, aliyesoma Mlimani, alinishauri tutafsiri. Nje kuna soko, shangazi. Na kweli lipo. Mwaka 2022 Idza Luhumyo, mtoto wa pwani ya Kenya, alitwaa Tuzo ya Caine, pauni 10,000, kwa hadithi fupi moja ya msichana ambaye nywele zake zimebeba mvua. Lau ningesimuliwa hadithi hiyo barazani Tanga kwa Kiswahili nisingeshangaa. Mambo ya kwetu kabisa. Lakini aliiandika kwa Kiingereza, na tuzo ile ni ya Kiingereza. Huko Marekani majarida ya daraja la juu ya hadithi za namna hii hulipa kuanzia senti nane za dola kwa neno moja. Kwa neno! Mimi nimelipwa shilingi 15,000 kwa hadithi nzima, na bado nikashukuru. Wanaijeria nao walianzisha jarida la Omenana mwaka 2014, wakachapisha mizimu ya Afrika bila kuiombea radhi.

Basi tukatafsiri ya macho mekundu. Tulikesha siku tatu juu ya msukule mmoja anayetajwa mara mbili tu. Mpwa anasema tuweke zombi. Nikamwambia zombi anakula watu. Msukule ndiye aliyeliwa. Msukule ni ndugu yako, analima, analala uvunguni, anakula pumba, na wewe ulishamlilia ukamzika. Zombi unamkimbia. Msukule unatamani kumwita jina lake, unaogopa ataitika. Mpwa akaandika mstari mzima kueleza hayo, na mstari huo ukakaa katikati ya hadithi kama kiti cha plastiki kwenye msafara wa mazishi. Nikajua kwamba jini wangu akitaka kulipwa inabidi kwanza akate pasipoti, na akifika ng'ambo si jini tena.

Tukaituma kwa jarida moja la ng'ambo. Walikataa. Ila walikataa kwa siku tisa. Mtu mwenye jina lake aliandika mistari minne: ameupenda moshi, ameona katikati panajikokota, kwa sasa hawezi kuichukua, tutume nyingine. Niliichapa barua ile nikaibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Mteja mmoja aliniuliza kama ni cheti.

Kwa hiyo ninaloomba kwenu si kubwa. Mtujibu, hata kama ni hapana, ndani ya miezi miwili, ili tusikae mapokezi kwenu kama wanaosubiri kutambua maiti. Mkikataa hadithi kwa sababu ya ushirikina, mtuonyeshe ni aya ipi, tubishane juu ya aya hiyo. Mkichukua, msiongeze kitu chini bila kutuuliza. Mwenye ukurasa wa hadithi atenge hata 30,000 kwa hadithi inayoisha wiki hiyohiyo. Na wa tuzo: tuzo nilizowahi kuzisogelea zilitaka kitabu kizima. Fungueni kundi la hadithi fupi moja, na msiandike kwenye masharti kwamba iwe yenye kuelimisha jamii. Muone zitakazoletwa. Mtalala na taa.

Nina muswada mpya kwa mmoja wenu. Niliuacha mapokezi mwezi wa tatu, kwenye bahasha ya kaki yenye namba yangu ya simu kwa kalamu ya bluu. Ni wa fundi cherehani anayeletewa kila Ijumaa gauni lilelile apunguze kiuno, na mwenye gauni anazidi kuwa mwembamba. Ni kurasa saba. Ukurasa wa saba umeishia katikati, chini yake kuna nafasi nyeupe ya vidole vinne hivi. Hapo hapakukosewa kuchapwa. Tafadhali msipajaze.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam.